Ufagio Hauna Kosa

(Niliyasema haya mbele ya mkutano wa wazazi na majirani. Walioshindwa kufika waliomba wasomewe, kwa hiyo nimeyaandika kama yalivyosemwa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa.)

Wazee wangu, akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: asanteni kwa kuja.

Kabla sijasema lolote, naomba mikono. Nani hapa anapenda nyumba safi? Haya, ukumbi mzima. Shusheni. Sasa, nani anapenda kusafisha nyumba? Naona mikono mitatu, na mmoja ni wa bwana anayejikuna kichwa.

Nilipoombwa nizungumzie jinsi ya kuifurahia kazi ya usafi wa nyumbani, nilicheka. Kwa miaka sita nilikuwa nasafisha ofisi za watu usiku. Nilikuwa hodari, na sisemi kwa majivuno. Vioo vyangu viliwafanya watu wajigonge. Lakini nikirudi kwangu alfajiri, ndugu zangu, niliruka nguo zilizolala sakafuni kama mtu anayevuka mto kwa mawe, mpaka kitandani. Mganga hajigangi.

Nikajiuliza: kwa nini? Ufagio ni uleule. Ndoo ni ileile. Mikono ni hii hii. Mbona kule kazi inakwenda na hapa haiendi?

Ilinichukua muda kuona. Kule ofisini kazi ilikuwa na mwisho: saa kumi alfajiri, weka ndoo, nenda zako. Na ilikuwa na shahidi: msimamizi alipita, akaangalia, akatia alama kwenye karatasi. Kwangu hakukuwa na mwisho na hakukuwa na shahidi. Unaosha vyombo leo, kesho viko palepale. Ukifagia hakuna anayeona. Usipofagia, kila mtu anaona. Hiyo ndiyo dhuluma ya kazi hii. Ufagio hauna kosa. Tunachokichukia ni kazi isiyoisha na isiyoonekana.

Kuna mtu aliyeichukia kuliko sisi sote tuliomo humu. Aliitwa Frances Gabe, aliishi Newberg, katika jimbo la Oregon kule Marekani. Siku moja aliona jamu imechuruzika ukutani, na badala ya kuchukua kitambaa alichukua mpira wa kumwagilia bustani, akaupiga ukuta maji. Wazo likaingia. Akajenga nyumba inayojiosha yenyewe, na mwaka 1984 akapewa hataza yake, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe wazo. Kila chumba kilikuwa na kifaa darini kinachozunguka na kurusha maji ya sabuni, kisha maji matupu, kisha hewa ya moto ya kukausha. Sakafu zilikuwa na mteremko ili maji yatoke. Na maji yale yakitoka yalipitia kwenye kibanda cha mbwa, mbwa naye akaoga bila kuombwa ruhusa.

Mnacheka. Lakini sikilizeni alichokitoa ili afike hapo. Hakuna mazulia. Fanicha zimepakwa utomvu mgumu usiopitisha maji. Vitabu vimevalishwa majalada ya kuzuia maji. Na mwenye nyumba, maji yakifunguliwa, anasimama na mwavuli sebuleni kwake! Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 101, na nyumba ya namna hiyo ilibaki ile moja tu. Mimi namheshimu sana mama yule. Alikuwa na akili kali, na alithubutu kusema wazi kwamba kazi hii inachosha, wakati wengine walijifanya wanaipenda. Ila nyumba yake inanionyesha kwamba ukitaka kuondoa usafishaji kabisa, itabidi uondoe na mto laini, na zulia, na kitabu kilichoachwa wazi juu ya kiti. Yaani uondoe kuishi kwenyewe. Basi tukubali ufagio utakuwepo. Swali ni tutaishi nao vipi.

La kwanza: uone uchafu ukiondoka.

Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza aitwaye Hubert Cecil Booth alikwenda kutazama mashine mpya ya kusafishia, London. Mashine ile ilipuliza hewa kwa nguvu, vumbi likaruka kutoka hapa likatua pale. Akauliza: kwa nini isivute badala ya kupuliza? Akajibiwa haiwezekani. Baadaye, akiwa mkahawani, alitandaza leso juu ya kiti chenye kitambaa, akaweka mdomo, akavuta. Alipaliwa karibu afe. Lakini alipoigeuza leso, alikuta alama nyeusi ya vumbi. Alifurahi! Mtu amemeza vumbi la makalio ya watu mkahawa mzima, na anafurahi, kwa sababu ameliona.

Mashine aliyoitengeneza ilikuwa kubwa, ikivutwa na farasi na kuegeshwa barabarani, mabomba yakipitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha zulia la kanisa la Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward VII kutawazwa. Na matajiri wakaanza kufanya nini? Wakaalika marafiki kwenye chai, waje watazame mazulia yakisafishwa. Baadhi ya mabomba yalikuwa ya kupitisha nuru, ili wageni waone vumbi likipita. Usafi ukawa tamasha.

Nyumba nzima hamtaiona ikibadilika, ni kubwa mno kwa jicho. Kona mtaiona. Kwa hiyo usiseme "leo nasafisha jiko". Sema "leo ni bomba la sinki". Sema "leo ni swichi za taa". Mmewahi kuzitazama swichi za taa? Zitazameni leo mkirudi, halafu mnisamehe. Tumia kitambaa cheupe, ukigeuze, ukione kilichobeba. Pigia deki kwa ndoo ya rangi nyepesi ili maji yaseme ukweli. Piga picha kabla na baada, hata kama humtumii mtu. Unajitafutia shahidi, basi.

La pili: ipe kazi mwisho.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kijana wa Kiitaliano aitwaye Francesco Cirillo alikuwa chuoni, na vitabu havisomeki. Akachukua saa ya jikoni ya kuhesabu dakika, yenye umbo la nyanya, akajiwekea miadi nayo: nasoma mpaka ilie. Baadaye akaona dakika 25 ndizo zinamfaa, kisha mapumziko mafupi. Leo watu wengi wa maofisini hufanya kazi kwa njia hiyo.

Mimi nimeiazima nikaipunguza. Dakika 15, nazitega kwenye simu. Ikilia, naacha. Nasema naacha, hata kama tambara liko nusu ya meza! Wengi hapa ndipo tunapokosea. Tunajiambia dakika 15, zikiisha tunasema "nimalizie na hapa", "nipitishe na pale", mara saa mbili zimekwenda. Kesho yake mwili unakumbuka kwamba uliudanganya. Ukiudanganya mara tatu, ukitaja tena dakika 15 hauondoki kitini. Heshimu kengele. Ukiiheshimu, utaanza kuona ajabu: siku nyingine unatamani iongezeke.

Na kuna methali tunaitamka kwa utani, mgeni njoo, mwenyeji apone. Si kweli? Mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani, nusu saa nyumba inang'aa. Wiki tatu tulishindwa, nusu saa tukaweza. Nguvu zile zilikuwa wapi? Mgeni ameleta vitu viwili, mwisho na shahidi. Ndiyo maana nawaambia, ukiishiwa kabisa, alika mtu.

La tatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipofundishwa kazi.

Wiki yangu ya kwanza kule maofisini nilipewa kufanya kazi na mama mmoja mtu mzima. Sote tulimwita Bibi. Alinikuta nimepiga magoti nasugua sinki, jasho linatiririka, natoa sauti. Akasimama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, unagombana na nani?" Akachukua chupa, akapulizia dawa sinki lote, akaniondoa kwa mkono, tukaenda kufuta meza. Tuliporudi, akapitisha kitambaa mara moja. Limekwisha. Akaniambia maneno matatu ambayo nimeyabeba mpaka leo: mwaga, subiri, futa.

Mwaga. Subiri. Futa. Semeni nami! Mwaga, subiri, futa.

Kwa nini inafanya kazi? Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Zikikutana na mafuta yaliyoganda, chembe nyingi huyazunguka kwa ile ncha inayopenda mafuta, na kwa ncha ya pili huyavuta kwenda na maji. Kazi hiyo inataka muda. Sisi tunamwaga na papo hapo tunafuta, yaani tunamfukuza mfanyakazi kabla hajaanza, halafu tunaifanya kazi yake kwa mabega yetu. Dawa za kuua vijidudu nazo ni hivyo hivyo. Kwenye chupa pameandikwa ziachwe zikiwa mbichi kwa dakika ngapi. Someni. Aliyepuliza na kufuta hapo hapo amepaka manukato.

Sufuria iliyoungua? Maji, sabuni kidogo, iache. Bomba lenye magamba meupe ya chokaa? Loweka kitambaa kwenye siki, kizungushe kwenye bomba, nenda zako, rudi baada ya nusu saa. Siki ni asidi, na asidi huyeyusha chokaa. Kwa sababu hiyo hiyo usiipeleke kwenye marumaru ya jiwe halisi, itailamba mpaka mng'aro upotee.

Na hapa kuna jambo lazima nilivunje, hata kama nitapoteza marafiki. Ule mchanganyiko wa siki na bekingi soda unaofoka povu, mnaoupenda. Povu ni tamu kutazama, nakubali. Lakini moja ni asidi na nyingine ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana. Povu lile ni gesi ya kabonidayoksaidi inatoroka, na kinachobaki ni karibu maji ya chumvichumvi. Tumia siki peke yake kwa chokaa. Tumia bekingi soda peke yake kama unga laini wa kusugulia. Ukizichanganya umepata tamasha, hukupata dawa.

Hilo ni hasara ndogo. Kuna mchanganyiko ambao si wa kucheka hata kidogo, na vijana wa mlangoni nisikilizeni. Dawa yenye klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, usiichanganye na siki wala na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu inatoa gesi ya klorini. Usiichanganye na kitu chenye amonia, kama zilivyo baadhi ya dawa za vioo, kwa sababu inatoa kloramini. Zote mbili huunguza macho, koo na mapafu, na choo ni chumba kidogo. Dawa moja kwa wakati, dirisha wazi. Sitarudia, lakini mngeniruhusu ningerudia.

Bibi alikuwa na sheria nyingine mbili: juu kwenda chini, na kikavu kabla ya maji. Utando wa buibui kwanza, rafu, meza, sakafu mwisho. Fagia ndipo upige deki. Anayeanza na sakafu ataifanya mara mbili, na anayemwaga maji juu ya vumbi ametengeneza tope. Ukiuliza hayo yanahusiana vipi na furaha, nakuuliza nawe: kuna kinachokera kuliko kurudia kazi uliyokwisha kuifanya?

Sasa masikio na akili. Hapa wataalamu wenyewe wanatuvuta huku na huku.

Mtafiti Katy Milkman na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watu 226 waliotaka kufanya mazoezi. Kundi moja lilipewa hadithi za kusisimua za kusikiliza, ila vifaa vilifungiwa kwenye ukumbi wa mazoezi: ukitaka kujua nini kimempata mhusika, njoo ufanye mazoezi. Mwanzoni walihudhuria kwa asilimia 51 zaidi ya kundi la kawaida. Kisha ikaja likizo, na hamu ikapoa. Basi jiwekee hadithi au kipindi unachokipenda, na uape: hiki nakisikiliza nikipiga pasi tu, nikikunja nguo tu. Na ukikichoka, badilisha upesi, usingoje hamu ife.

Upande wa pili, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State waliwapa wanafunzi 51 vyombo waoshe. Nusu walisomeshwa kwanza maandishi ya kuwaelekeza waweke akili yote pale, kwenye joto la maji, harufu ya sabuni, chombo kilichomo mkononi. Wale wakatoka na wasiwasi uliopungua kwa asilimia 27. Waliosomeshwa maelekezo ya kawaida ya kuosha vyombo hawakupata nafuu hiyo. Ni watu wachache, sitajenga nyumba juu yake. Lakini nimejaribu.

Kwa hiyo tusikilize redio au tunyamaze? Mimi nimezigawa. Kazi kubwa za mwili, kama kufagia na kupiga deki, nazipa muziki wenye mdundo, na natingisha kiuno ninavyotaka kwani mlango umefungwa. Kukunja nguo nakupa hadithi. Vyombo vya usiku navipa kimya. Kwa siku nzima ni hapo tu ambapo hakuna anayeniomba kitu, kwa sababu wanaogopa wakija nitawapa kitambaa cha kukaushia.

Nimebakisha moja, nalo ndilo gumu: shahidi wa kweli, mtu wa nyumbani kwako.

Mwaka 2007, Alia Crum na Ellen Langer walichapisha habari za wanawake 84 wasafisha vyumba katika hoteli 7. Kazi yao ni mazoezi mazito kila siku, lakini wengi wao walipoulizwa walisema hawafanyi mazoezi. Kundi moja likaelezwa kwamba kutandika, kusugua bafu na kusukuma mashine ya vumbi ni mazoezi, na likaonyeshwa nguvu inayotumika kwa kila kazi. Kundi la pili halikuambiwa. Baada ya wiki 4, walioambiwa walikuwa wamepungua uzito kidogo, na shinikizo la damu limeshuka. Inawezekana pia walianza kujituma zaidi bila kusema. Vyovyote vile, mimi kinachonigusa si uzito. Watu walibeba magodoro miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanachofanya ni kitu.

Nyumbani kwenu nani anabeba magodoro? Mara ya mwisho alisikia nini kutoka kwako? "Shati langu liko wapi?"

Na mimi nina dhambi yangu hapa. Mwanangu alipokuwa mdogo, siku moja alifuta meza bila kutumwa. Alifuta katikati, pembeni akaacha. Nikamwambia vizuri, kisha akigeuka tu nikachukua kitambaa nikairudia meza yote. Aliniona. Hakusema kitu. Hakuifuta tena meza ile kwa miaka, na mimi nilipita nikilalamika kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Nani alimfundisha kwamba kazi yake haihesabiki? Leo nawaambia akina baba, akina mama, hasa akina mama wenzangu mnaojua kukunja shuka kwa pembe nne: mwenzako akikunja vibaya, iache ilale vibaya kabatini. Haitalia. Mpe kazi awe nayo yeye, na aina yake ya kuifanya, na uione akiimaliza. Useme umeiona.

Ndugu zangu, nilipofika asubuhi nilikuta ufagio mmoja kwenye kona ile, na nimeona maganda ya karanga chini ya safu ya nyuma. Vijana, sitataja majina. Nimeomba ndoo mbili, ziko nje na maji. Meza ile ya mbele imemwagikiwa chai, nimeipulizia sabuni kabla sijaanza kuzungumza, kwa hiyo imekwisha kungoja vya kutosha.

Naweka dakika kumi kwenye simu. Ikilia, tunaacha palipofikia na kwenda nyumbani. Nani anachukua ufagio?